Mlioandika mgongo wangu kwenye fomu, rudini Bombo

Mhariri,

Kila nikifungua ukurasa wenu wa afya nakutana na maneno "utafiti umebaini". Mimi ni mmoja wa hao wanaotafitiwa. Nimehojiwa kuhusu mgongo wangu, nimepewa namba, nimepewa mche wa sabuni, na mpaka leo sijaambiwa kilichobainika. Naomba nafasi nieleze, na kama barua ni ndefu, mhariri, kata mwanzo, usikate mwisho.

Naishi Bombo, wilaya ya Luwero, kando ya barabara ya Gulu. Mimi ni Mnubi, mjane wa askari, nina miaka 61. Kiswahili changu nimekikuta nyumbani na kambini, ndiyo maana Watanzania wakinisikia hudhani natoa amri. Kazi yangu ni kusuka: makawa ya kufunikia chakula, mikeka, vitunga vya harusi. Ni kazi ya kukaa chini. Unanyoosha miguu, unainama, kawa liko mapajani, na kawa moja kubwa la rangi nne hula wiki mbili. Nimefanya hivyo tangu nikiwa msichana wa miaka kumi na minne. Mgongo ulianza kuniuma mwaka 2016, chini kabisa, juu kidogo ya nyonga ya kulia. Nilidhani ni uchovu. Ukapita mwezi, ukapita mfungo, ukapita mwaka.

Watafiti walikuja mwaka 2019. Walikuwa wawili, msichana mwenye kishikwambi na kijana wa kumtafsiria. Walivua viatu, wakakaa mkekani, wakanywa chai yangu ya tangawizi bila kukunja uso. Nasema hivi mapema ili ieleweke kwamba sina ugomvi nao. Fomu ya ridhaa ilikuwa ya kurasa nne za Kiingereza. Kijana akanifupishia kwa sentensi mbili: ni hiari yako, na matokeo yatasaidia jamii. Nikaweka sahihi.

Msichana alisoma Kiingereza, kijana akageuza Kiganda, nami nikajibu Kiswahili. Kiganda cha sokoni nakijua vizuri. Ila kuugua sijawahi kuugua kwa Kiganda.

"Mama, kwa sababu ya mgongo, ukipanda ngazi unashikilia ile mbao ya pembeni?"

"Ngazi gani?"

Sote watatu tukaitazama nyumba yangu. Iko chini yote, ina kizingiti kimoja cha mlangoni.

"Ngazi za popote," akasema kijana.

"Sijapanda ngazi tangu harusi ya binti wa dada yangu, Kampala."

Msichana akafikiri, akagusa kioo. Sikuona aligusa wapi.

"Unapata shida kuvaa soksi?"

Mhariri, mara yangu ya mwisho kuvaa soksi ni nilipolazwa kujifungua kitinda mimba wangu, naye sasa ana watoto wawili. Nikamwambia hapana, sipati shida ya soksi. Ikaandikwa kwamba sina shida.

Kuhusu sijda hawakuniuliza. Hawakuniuliza kuhusu kuchuchumaa chooni, wala jerikeni ya lita ishirini kutoka bombani, wala kuinuka kutoka mkekani baada ya saa nzima ya kusuka, jambo ambalo wakati ule nilikuwa nalifanya kwa vituo: kwanza magoti, kisha mkono ukutani, kisha dua, kisha mguu mmoja.

Halafu likaja swali la namba. Maumivu yako, kati ya sifuri na kumi, ni ngapi? Nikauliza: ya alfajiri au ya alasiri? Maana alfajiri mgongo ulikuwa umekauka kama ukindu usiolowekwa, mpaka nitembee tembee ndio unalainika. Alasiri ulikuwa unafukuta. Usiku ilikuwa habari nyingine kabisa, kama mtu anavuta uzi kutoka kiunoni mpaka kwenye unyayo, na kidole gumba kimekufa ganzi. Kijana akayasikia yote matatu, akayatafsiri kwa neno moja. "Sema namba tu, mama." Nikasema saba. Nane niliona ni kujiliza mbele ya wageni.

Wakanipa sabuni, shilingi elfu kumi za usumbufu, na karatasi yenye namba yangu, 047. Wakasema watarudi na majibu.

Ikaja korona, nchi ikafungwa, nikawapa udhuru. Shule zikafunguliwa tena Januari 2022, udhuru ukaisha.

Kumbe katika kungoja huko ndiko nilikoumia zaidi. Mwishoni mwa 2020 niliuza mbuzi wawili, mwanangu akaongeza, zikapatikana laki sita za ile picha ya kulala ndani ya bomba, MRI, katika kliniki moja ya Kampala. Daktari akaiweka picha kwenye taa. "Hajati," akasema (sijahiji, lakini huku kila mwanamke wa umri wangu mwenye mtandio ni Hajati), "mgongo wako umechakaa. Diski mbili, zile pedi kati ya pingili, zimetokeza. Usiiname, usibebe kitu, usikae chini." Akaniandikia mkanda wa kiunoni wenye vyuma, shilingi elfu tisini, unaouzwa hapo hapo mlangoni.

Nikatii kama mke wa askari anavyojua kutii. Mkanda nilivaa mwaka mmoja na nusu, nikiuvua wakati wa kuoga tu. Niliacha kusuka. Ramadhani mbili niliswali tarawehe kwenye kiti cha plastiki nyuma ya safu. Maji nikachotewa na watoto wa jirani, kila jerikeni shilingi mia mbili. Mgongo ukazidi. Ikafika mahali nikitaka kukohoa natafuta ukuta kwanza.

Aliyenitoa huko ni kijana wa fiziotherapia, tiba ya mazoezi ya viungo, katika hospitali moja ya serikali, chumba chenye kitanda kimoja, baiskeli ya mazoezi isiyo na kanyagio la kushoto, na foleni inayofika nje chini ya mwembe. Alikuwa peke yake. Aliisoma ile picha ya laki sita kwa muda wa kupiga chafya mara mbili, akairudisha kwenye bahasha.

"Hajati, ukiinama unaogopa kutatokea nini?"

Miaka sita hakuna aliyeniuliza hivyo. Nikamwambia, mwanangu, naogopa utakatika, paa, kama fimbo kavu. Akaniambia nisimame, nishike kitanda, niiname kwa kadiri ya uwezo wangu. Nikainama kidogo.

"Umekatika?"

"Bado."

Akacheka, nami nikacheka, na kule kucheka kukaniuma.

Alinieleza kwamba maumivu yakivuka miezi mitatu wataalamu huyaita sugu, na mara nyingi huwa hayasemi tena ukubwa wa jeraha. Mishipa ya fahamu na ubongo vimekaa katika hali ya hadhari, vinapiga kelele kwa jambo dogo, na hofu na kukosa usingizi huongeza sauti. Maumivu ni ya kweli kabisa, akasema, hakuna anayekuambia unajifanya. Nikamwambia hilo nalijua. Kambini, baada ya usiku mmoja wa risasi, mlinzi wa lango alikuwa anapiga "Simama! Nani?" hata kwa mbuzi. Wenzake walimcheka, lakini hakuwa anaigiza. Masikio yake yalikuwa bado yako kwenye usiku ule. Kijana wa fizio akauandika mfano huo nyuma ya faili langu.

Tiba yake ilikuwa ya kuudhi kwa udogo wake. Vua mkanda saa moja kwa siku, wiki ijayo saa mbili. Tembea mpaka mfenesi wa kwanza, kisha mpaka wa pili, kisha mpaka msikitini. Suka raundi tano uinuke, hata kama hakuna kinachouma, hasa kama hakuna kinachouma. Sijda nilianza nayo juu ya mito miwili, ukabaki mmoja, halafu ikawa juu ya mkeka mtupu. Ilichukua miezi minne. Leo bado naumwa, nasema wazi asije mtu akadhani nauza dawa. Lakini nasuka, na paji la uso wangu linafika chini.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi. Mjukuu wangu anasomea fiziotherapia Chuo Kikuu cha Mbarara. Jumapili moja alinisomea kutoka kwenye masomo yake. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za migongo ya watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Kwa watu wa umri wa miaka 60 wasioumwa kabisa, diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 88, na zilizotokeza kwa asilimia 69. Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Kwa hiyo ile picha iliyonila mbuzi wawili ilionyesha kitu ambacho wanawake wengi wa rika langu wanacho na wanachota maji nacho. Kuna wakati picha inahitajika, mjukuu aliniambia: umeanguka vibaya, una homa isiyoeleweka, umewahi kuugua saratani, miguu inaishiwa nguvu au mkojo unakutoka bila habari. Mimi sikuwa na hata kimoja, na hakuna aliyeniuliza kabla ya kunitoza.

Akaendelea. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya mgongo wa chini, maradhi ambayo mwaka 2020 walihesabu kuwa yamewashika watu milioni 619. Mwongozo unapendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi, baadhi ya tiba za mikono, msaada wa kisaikolojia. Mkanda wa kiunoni umo katika orodha ya mambo yasiyopendekezwa. Elfu tisini zangu, Mhariri.

Nikamuuliza ile habari ya picha ilikuwa ya mwaka gani. 2015, bibi. Nikahesabu kwa vidole. Wale vijana walipokuwa mkekani kwangu na kishikwambi chao, jambo hilo lilikuwa limeshajulikana miaka minne. Najua walikuja kuuliza, hawakuja kutibu, na mjukuu alinikatalia kuwalaumu. Lakini walikunywa chai yangu saa nzima, na sentensi moja tu, "Mama, mgongo unaouma si lazima uwe mgongo uliovunjika," ingenibakizia mbuzi wawili na Ramadhani mbili.

Asiniambie mtu kwamba Uganda hatuwezi kuleta elimu ya maumivu mpaka mlangoni kwa mtu. Dada yangu alifariki kwa saratani ya mlango wa kizazi. Miezi yake ya mwisho muuguzi alikuja nyumbani na chupa ya plastiki ya mofini, dawa kali ya maumivu, ya maji, ya rangi ya kijani, akatufundisha kipimo, akatuachia na dawa ya kulainisha choo kwa sababu mofini hufunga tumbo. Kazi hiyo ilianzishwa na Hospice Africa Uganda ya Daktari Anne Merriman mwaka 1993, kwa unga unaochanganywa na maji hapa hapa nchini, na tangu 2004 sheria yetu inawaruhusu wauguzi waliosomea huduma hiyo kuiandika dawa wenyewe. Dada yangu alilala usingizi. Mofini siyo dawa ya mgongo kama wangu, ule mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema hivyo, na siiombi. Ninachosema ni kwamba kwa maumivu ya dada yangu kuna mtu aliyefunga safari kuja kutueleza.

Mjukuu anawatetea watafiti kwa nguvu, nadhani kwa sababu karibu atakuwa mmoja wao. Fomu ya soksi na ngazi aliitambua nilipomsimulia: ilitungwa Uingereza na watafiti Roland na Morris, ikachapishwa 1983, ina kauli 24, na hutumika nchi nyingi ili namba za huku zilinganishwe na za kule. Haiwezekani kila kijiji kiwe na maswali yake, bibi. Sawa, nikamwambia, lakini mgongo wa London unapanda ngazi na wangu unainuka kutoka mkekani, mtalinganisha nini? Akakubali kwamba kuna watu wanaolifanyia kazi hilo. Nigeria wameshaipeleka fomu hiyo katika Kiigbo na Kiyoruba, kwa utaratibu: mmoja anageuza Kiingereza kwenda kwenye lugha, mwingine ambaye hajaiona fomu ya kwanza anairudisha kwenye Kiingereza, kisha wanakaa kulinganisha, halafu wanaijaribu kwa wagonjwa wenyewe.

Tukajaribu kwa mchezo, hapa barazani. Yeye akaandika kwa Kiswahili kauli ya ngazi. Mwalimu mstaafu, jirani yetu, akairudisha kwenye Kiingereza bila kuona ile ya kwanza. Ikarudi kwamba mgonjwa anapanda ngazi ya kuezekea paa huku akijishikilia kwa mikono miwili. Mwalimu akaapa hajakosea, ngazi ni ngazi. Tulicheka mpaka chai ikapoa. Mjukuu hakucheka sana, alikuwa anaandika.

Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Kambi nzima za askari na familia zao wanaugua kwa Kiswahili. Fomu ya ridhaa yenye kurasa nne haijasikia habari hiyo.

Ombi langu ni dogo. Mjukuu anasema utafiti wowote wa watu hapa nchini lazima upite kwenye kamati ya maadili, kisha usajiliwe na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia kule Ntinda. Basi hao wanaogonga mihuri waongeze swali moja: utarudi lini kwa hao uliowahoji, kwa lugha gani, na nauli ya kurudi umeiweka wapi kwenye bajeti? Kama nauli ya kuja kuuliza ilipatikana, ya kurudi nayo iandikwe kabla ya muhuri. Na matokeo hata yakiwa hayakubaini kitu, nitaambiwa hivyo hivyo. Mimi nimesuka makawa yaliyoharibika katikati, najua kazi huweza kukataa.

Na wale wa Wizara ya Afya wanaopanga huduma za utengamao, kama Watanzania wanavyoziita huduma za kumrudishia mgonjwa uwezo wake, wapite chini ya mwembe siku ya kliniki ya fiziotherapia waone foleni ya kijana mmoja. Kuhusu kanyagio la baiskeli sitasema zaidi.

Kwa yule msichana wa kishikwambi, kama anasoma gazeti hili: mwanangu, sijakukasirikia. Pengine umeshahitimu, pengine una ofisi. Mimi ni 047. Karatasi ninayo, imekunjwa ndani ya kawa lile jekundu ulilolisifu. Ukurasa mmoja unatosha, kwa Kiswahili, herufi kubwa kwa sababu ya miwani yangu. Nataka kujua tulikuwa wangapi, wangapi walisema saba kwa aibu kama mimi, na yale maumivu yangu matatu mliyaweka wapi. Ukifika Bombo uliza nyumba ya mama wa makawa, nyuma ya msikiti. Haina ngazi.

Wako,
Mama wa Makawa,
Bombo, Luwero, Uganda